Kazi za wanachuo wa ualimu zianzie kwenye daftari la mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu kazi wanazopewa wanachuo wa ualimu, yaani insha, majaribio na ripoti ambazo alama zake huingia katika matokeo yao ya mwisho. Mjadala kuhusu mafunzo ya walimu huishia mara nyingi kwenye sifa za kujiunga na urefu wa mazoezi ya kufundisha, ilhali kazi hizi ndizo zinazomfunza mwanachuo, wiki baada ya wiki, kipi chuo kinakithamini.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati na hupokea wanachuo wanapokuja shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Wengi huja wamejiandaa vizuri: andalio la somo limejazwa safu zote, malengo yameandikwa kwa vitenzi vinavyopimika, na zana zimechorwa kwa usafi. Wanaweza kueleza hatua za ukuaji wa akili kwa mujibu wa mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, na kutaja ngazi sita za malengo ya kujifunza zilizotolewa na mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, na wenzake mwaka 1956. Lakini mtoto anapoandika kwamba nusu kujumlisha theluthi moja ni mbili ya tano, mwanachuo huyohuyo huweka alama ya kosa, huandika jibu sahihi pembeni, kisha huchukua daftari linalofuata.

Kosa hilo lina mantiki yake. Mtoto amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kama alivyozoea kufanya kwa namba nzima. Mwingine anasema 0.35 ni kubwa kuliko 0.7 kwa kuwa 35 inazidi 7. Wa tatu, akitoa 17 katika 52, anapata 45, kwa sababu katika kila safu ameondoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa bila kujali ipi iko juu. Wote watatu wamepata alama ileile ya kosa, lakini tiba zao hazifanani. Wa kwanza anahitaji kugundua kwamba mbili ya tano ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, hivyo jumla yake imepungua badala ya kuongezeka. Wa tatu anahitaji kurudishwa kwenye mafungu ya makumi, avunje fungu moja kwa mikono yake kabla ya kushika tena kalamu.

Ujuzi wa namna hii hautokani na kulijua somo peke yake, wala na mbinu za jumla za kufundishia. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, aliueleza mwaka 1986 kuwa ni maarifa ya aina yake: kujua jinsi mada fulani inavyoweza kueleweka, na jinsi inavyoweza kueleweka vibaya, na mtu anayejifunza. Chuoni, hata hivyo, mada hufundishwa na mkufunzi mmoja, mbinu na mwingine, saikolojia na wa tatu, kisha kazi ya kuviunganisha huachiwa mwanachuo ambaye hajafundisha hata kipindi kimoja.

Akikosa msaada huo atafundisha kama alivyofundishwa. Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, alikwishaonyesha mwaka 1975 kwamba anayeingia ualimu ameketi miaka mingi akiwatazama walimu wake, akaona wanachofanya mbele ya darasa pasipo kuona walichofikiri kabla ya kukifanya. Chuo nacho huweza kuikomaza hali hiyo: mwanachuo mmoja aliwahi kunionyesha notisi zake kuhusu mbinu shirikishi, alizoandikishwa kwa imla mwanzo hadi mwisho.

Wapo wanaosema dawa ni kurefusha mazoezi ya kufundisha. Sipingi, ila John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani aliyeanzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, alitahadharisha mapema kwamba mwanagenzi anayesukumwa darasani kwa haraka hujifunza kwanza kutuliza kelele, na jicho lake huacha kufuatilia fikra za watoto. Jicho hilo ndilo linalopaswa kunolewa chuoni kabla ya safari ya shuleni.

Kwa hiyo napendekeza sehemu kubwa ya insha ziondolewe na nafasi yake ichukuliwe na kazi halisi za wanafunzi. Mwanachuo apewe nakala za majibu ya darasa zima kwa swali moja, ayapange makosa kwa chanzo chake, kisha aandike swali moja tu ambalo angemuuliza mtoto ili kuthibitisha dhana yake. Hapo Piaget atasomwa kwa hamu, maana kutakuwa na jambo la kumuuliza. Somo fupi la majaribio, ambalo mwanachuo hulifundisha kwa dakika chache ili ajipime, na lililoanzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1963, nalo lirudi kwa watoto halisi wachache badala ya wanachuo wenzake wanaoigiza utoto na kukosea makosa ambayo hakuna mtoto anayeyakosea. Arekodiwe, apime mwenyewe anasubiri sekunde ngapi baada ya kuuliza swali. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakifikisha tatu majibu ya wanafunzi hurefuka.

Wakufunzi watalalamikia mzigo wa kusahihisha, na wana haki, kwa kuwa wengi wana madarasa makubwa mno. Lakini insha kuhusu nadharia zilezile hunakiliwa kutoka kwa waliotangulia au huchotwa kwenye intaneti, hivyo jasho la kuzisahihisha linamwagika bure. Majibu ya watoto hubadilika kila mwaka. Walimu tulioko shuleni tunaweza kuvipatia vyuo nakala hizo kila muhula, majina ya watoto yakiwa yamefutwa, iwapo tu vitatuandikia kuziomba na kutueleza vinataka mada ipi.

Mwalimu wa Hisabati, shule ya msingi