Mama mkwe ananifunga tumbo, paja linawaka moto

Mhariri na wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni, na rika langu habari zenu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, nauza mchele wa Kyela na maharage soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Mwanangu wa mwisho ana wiki tisa. Ninaomba ushauri wa namna ya kuzungumza na mama mkwe wangu, ila inabidi kwanza niwaeleze habari ya paja, maana bila hiyo hamtanielewa.

Lilianza mimba ikiwa na miezi saba. Nikisimama sokoni tangu alfajiri, ikifika saa nne paja la kulia, upande wa nje, linachoma kama limepakwa pilipili. Baadaye pakaingia ganzi, eneo kama la kiganja kilichofunguliwa, kutoka chini ya nyonga hadi karibu na goti. Nikikaa kwenye gunia linatulia. Usiku kanga ikigusa pale tu, nashtuka. Cha ajabu mguu wenyewe haukupungua nguvu hata kidogo, wala mgongo haukuuma. Nilijua ni uzito wa mimba na litaondoka nikijifungua.

Nikajifungua salama, paja likabaki vilevile. Zahanati niliyokwenda waliniambia ni nyonga, nikachomwa sindano za maumivu siku tano bila nafuu. Nikatumwa kupiga picha ya mgongo, ikatoka safi.

Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu wiki ile ile ya uzazi, na mikungu miwili ya ndizi na dumu la maziwa. Sijawahi kutunzwa vile. Kila asubuhi anachemsha maji, ananikanda kwa taulo tumbo, mgongo na mapaja, kisha ananifunga kitenge alichokikunja mara nne. Anakivuta hadi napumua kwa juu, na fundo analiweka upande wa kulia, juu kabisa ya ule mfupa wa nyonga unaojitokeza mbele. Anasema fundo likikaa pale halitelezi.

Siku moja katika wiki ya tatu aliniuliza, "Mwanangu, maji yamezidi moto?" Nikamjibu hapana, mama, yako sawa. Nilikuwa nayasikia kwa paja la kushoto. Jioni navua nguo nikakuta malengelenge matatu paja la kulia, moja kubwa kama shilingi mia, na sikuwa nimehisi lolote. Paja lile lile linaloniwakia moto usiku kucha lilikuwa limeungua kweli, nalo halikuniambia. Mama alipoona alikaa chini sakafuni akalia. Nilimbembeleza mimi, mwenye kidonda.

Hapo ndipo nilipokwenda hospitali kubwa. Daktari aligusa ngozi kwa pamba na ncha ya sindano, kila nilipoacha kuhisi akaweka alama ya kalamu, mwisho akaunganisha alama zote na ramani ya ganzi ikaonekana pajani. Akapima nguvu ya mguu, akagonga goti kwa nyundo yao, vyote vizima. Kisha akanilaza ubavu wa kushoto, akaukandamiza mfupa wa nyonga ya kulia kwa viganja viwili, akashika hivyo akihesabu hadi 45. Wasomaji, moto ulipungua palepale mkono wake ukiwa bado juu. Akasema kwa kukandamiza vile kano ya kinena inalegea, na mshipa wa fahamu unaopita chini yake unapata nafasi.

Maelezo yake nayaandika kwa sababu naamini kuna mama mwingine anatibiwa nyonga bure. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo, chini kiunoni, unashuka ndani ya nyonga na kutokea pajani kwa kupita chini ya kano ya kinena, jirani kabisa na ule mfupa wa mbele. Huo haubebi nguvu za mguu. Kazi yake ni kupeleka hisia za ngozi ya paja upande wa nje, ndiyo maana mtu anaungua na kupata ganzi lakini anatembea vizuri. Ukibanwa pale kwenye kano, unalalamika pajani. Ugonjwa wanauita meraljia parestetika. Huubana mimba, unene, mkanda au nguo ya kubana kiunoni, na kusimama muda mrefu. Wenye kisukari nao wako hatarini zaidi, ndiyo maana alinipima sukari, ikawa ya kawaida.

Dawa ya kwanza aliyonipa ni kulegeza kila kitu kiunoni. Alisema wengi hupona hivyo tu, kwa wiki kadhaa au miezi. Likikataa kuna vidonge vya kutuliza mishipa ya fahamu, lakini kwa kuwa nanyonyesha asingependa kukimbilia huko. Baada ya hapo kuna sindano ya ganzi iliyochanganywa na steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, inachomwa karibu na ule mfupa. Upasuaji ni wa wachache sana, na wakiukata mshipa wenyewe, ganzi inabaki maisha yote.

Kibindo cha fedha nimekiacha, sasa navaa kipochi cha kupitisha begani. Suruali ya kubana niliyokuwa navaa ndani ya kitenge kwa ajili ya baridi nimempa mdogo wangu. Kilichobaki ni fundo la mama.

Na nina uhakika ni lenyewe. Mwezi uliopita alikwenda msibani kwao siku nne. Siku ya tatu nilisimama sokoni hadi saa sita ndipo paja likaanza kuwasha, tena kidogo. Aliporudi akanifunga, na jioni ile ile moto ukarudi kama zamani.

Kwa nini nisimwambie? Mama mkwe alizaa mtoto wake wa kwanza akiwa hana mtu. Mama yake mzazi alishafariki, akajikanda mwenyewe na kujifunga mwenyewe. Aliwahi kunisimulia usiku mmoja tukimbembeleza mtoto, akasema aliapa hakuna mke wa mwanawe atakayejifunga peke yake. Tangu yale malengelenge anapima maji kwa kiwiko mara tatu kabla ya kunigusa, na mkono unamtetemeka. Leo nimwambie na kitenge nacho kinaniumiza? Naona kama nitamwambia kila alichonifanyia kilikuwa na madhara.

Kwa hiyo nadanganya. Akishanifunga nakwenda chooni, nalegeza fundo, na jioni kabla ya kuoga nakaza tena. Juzi nusura anikute. Mama aliyenibebea ndizi kutoka Tukuyu nimefikia kumficha kitu nyuma ya mlango wa choo, na jambo hili linaniumiza kuliko paja.

Mume wangu anasema ninyamaze, mwisho wa mwezi atarudi kwake. Dada yangu anasema nimchukue tarehe ya kliniki ili muuguzi amweleze. Naogopa ataona nimekwenda kumshtaki kwa watu.

Naomba mnisaidie. Aliyewahi kumwambia mkwe jambo la namna hii, aliliingizaje bila kumvunja moyo? Nimwambie mwenyewe, au mwanawe aanze? Nimewaza pia kumwomba afunge juu zaidi, chini ya mbavu, kwa ulegevu na fundo likae katikati, ili mikono yake iendelee kunitunza na nyonga zibaki huru. Kuna mkunga au muuguzi anayesoma hapa anayeweza kuniambia kama kufunga hivyo hakuna madhara kwa mama wa wiki tisa?

Na mliopata ugonjwa huu katika ujauzito, ulichukua muda gani kuisha baada ya kuacha kubana? Aliyechomwa ile sindano, ilimsaidia? Narudi kwa daktari wiki ijayo, na ataniuliza kama nimelegeza.

Mama wa watoto watatu,
Mbeya