Risala kwa Mgeni Rasmi: Jasho la Ugenini na Makato ya Nyumbani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Michezo wetu;
Mheshimiwa Diwani;
Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu katika uwanja huu;
Wazazi, makocha na wanamichezo wenzetu:

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

Tunakushukuru kwa kufika, na tunakuomba radhi. Kadi yako iliandikwa saa tatu asubuhi na sasa ni saa tano kasoro. Ng'ombe wa jirani waliingia uwanjani katikati ya mita 5,000, na mwenyewe alikuwa kanisani. Mlima nao, uliokuwa wazi tangu alfajiri, umejifunika ulipoona gari lako. Tumeuzoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wakimbiaji vijana 27, wasichana 15 na wavulana 12, wengi kutoka Kibosho, Uru na Old Moshi. Tunakutana saa kumi na moja alfajiri kwenye barabara ya vumbi inayopanda kuelekea msituni, na Jumamosi tunashuka kwenye tambarare za upande wa TPC, kwenye mashamba ya miwa, kufanya mbio ndefu. Kila mwaka Kilimanjaro Marathon inapofika hapa Moshi, nusu yetu wanakimbia na nusu wanagawa maji, kutegemea nani ana ada ya kujisajili.

Kwa kawaida risala ya kikundi kama chetu huomba viatu, maji na bati. Viatu tutaviomba, usiwe na wasiwasi. Lakini leo tumeona tukueleze kwanza ugomvi uliotukalisha kikao hadi saa nne usiku na nusura utuvunjie kikundi.

Mwaka jana dada yetu mmoja, ambaye yupo hapa na amekataa jina lake lisomwe, alialikwa kwenye mbio za barabarani Marekani. Akashika nafasi ya tano, yenye zawadi ya dola 4,000. Habari hiyo ilifika Uru kabla yeye hajavua viatu. Watu wakaanza kupiga hesabu: huyu anadai karo, yule anadai bati, na sisi kikundi tukasema tumemlea miaka minne, tunadai chetu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kodi ya zuio ya Marekani kwa mgeni asiye mkazi ni asilimia 30, kwa hiyo dola 1,200 ziliishia hukohuko. Wakala alichukua asilimia 15 ya zawadi yote, kiwango cha kawaida kwa mawakala wa riadha, dola 600. Nauli na viza alizomkopesha zilikuwa dola 900, akazirudisha. Zikabaki dola 1,300, nazo hazikuja siku ile wala mwezi ule, kwa sababu zawadi hulipwa baada ya majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa kutoka. Alipozipokea, mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa anashughulikia safari za wanariadha akamwambia kuna "mchango wa kawaida" wa dola 200. Hakutoa risiti. Hakutoa hata kikaratasi.

Ndipo sisi nasi tukanyoosha mkono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatujivunii. Kwenye kile kikao dada yetu aliuliza swali moja, "Asilimia yenu ni ngapi, na mliniambia lini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwenyekiti akasema kumi, kocha akasema ishirini, mzazi mmoja akasema atoe kadiri Mungu atakavyomgusa, na hapo ndipo kelele zilipoanza. Mwishowe tulitumwa watu watatu tukasome wenzetu duniani wanagawanaje fedha za ugenini na mamlaka za michezo za kwao. Tuliyoyapata ndiyo tunayokusomea.

Tulianzia China. Li Na, aliyetwaa French Open mwaka 2011 na Australian Open mwaka 2014, alikulia katika utaratibu uliomtaka mchezaji wa tenisi akabidhi asilimia 65 ya mapato yake kwa mamlaka za tenisi za nchi. Mwishoni mwa 2008 yeye na wenzake wachache wakaruhusiwa kujitegemea. Wachina waliuita utaratibu huo mpya danfei, yaani kuruka peke yako. Makato ya zawadi yakashuka hadi kati ya asilimia 8 na 12.

Tuliposoma ile 65 mbele ya wenzetu, vijana walipiga kelele, "Wizi!" Kocha wetu akawaacha wamalize, kisha akauliza: kocha wake tangu utotoni alilipwa na nani? Nauli je? Kitanda cha kambini je? Pakawa kimya, maana yote hayo yalikuwa juu ya serikali, na siku Li Na alipopewa uhuru wake alikabidhiwa na ankara zake. Ingekuwa mwisho wa hoja, isipokuwa binti mmoja wa kidato cha pili alinyosha kidole akasema kwamba Li Na alianza na badminton, akahamishiwa tenisi akiwa bado mtoto, na mtoto hakai mezani kujadili asilimia. Kocha hakujibu. Mimi ninayesoma risala hii naona binti alimshinda, ingawa sikutumwa kusema hivyo.

China hiyohiyo ina Yao Ming, yule wa mita 2.29. Houston Rockets, timu ya kikapu ya Marekani, walimchagua wa kwanza kabisa mwaka 2002, lakini ruhusa ya kuondoka ilikuja baada ya mazungumzo marefu kuhusu klabu yake ya Shanghai Sharks na wakubwa wa kikapu wa nchi yake watapata nini kutokana na mapato yake. Mwaka 2009 klabu hiyo ilipokuwa na hali mbaya ya fedha, aliyeinunua ni Yao mwenyewe. Mwaka 2017 akachaguliwa kuongoza chama cha mpira wa kikapu cha China. Aliyekuwa anakatwa akakalia kiti cha wakataji.

Urusi ya zamani, ile Sovieti, tunaipitia haraka kwa kuwa muda umekwenda. Natasha Zvereva, binti wa Minsk aliyecheza fainali ya French Open mwaka 1988, alisema mwaka uliofuata mbele ya kamera za televisheni huko Marekani kwamba anataka kubaki na fedha anazoshinda. Alikuwa hata hajafikisha miaka 18. Mwaka huohuo wa 1989 Viacheslav Fetisov akaenda kucheza mpira wa magongo wa barafuni na New Jersey Devils baada ya kuvutana na wakubwa wake, waliotaka sehemu kubwa ya mshahara iwe yao.

Singapore walitupendeza kwa jambo moja dogo. Joseph Schooling alipomshinda Michael Phelps kuogelea mita 100 kwa mtindo wa kipepeo kwenye Olimpiki ya mwaka 2016, nchi yake ilimzawadia dola milioni moja za Singapore, na asilimia 20 kati ya hizo ilipaswa kurudi chama cha kuogelea ili kufundishia wengine. Kiwango hicho kilijulikana kabla hajaruka majini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilichotuumiza roho ni mpira wa miguu. Wenzetu wa soka wamepata dawa. FIFA inaagiza asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa mchezaji igawiwe klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una robo ya asilimia moja ya ada, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una nusu ya asilimia. Chukua uhamisho wa dola milioni moja: klabu iliyomlea kijana miaka ile minne ya mwanzo inapata dola 10,000. Fedha hiyo inakatwa katika ada ya klabu kwa klabu. Mfuko wa mchezaji hauguswi. Mbwana Samatta alipouzwa na Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kwa kanuni hiyo miaka yake ya ujana pale African Lyon, Simba na TP Mazembe ilikuwa na bei inayohesabika. Sharti ni maandishi. Mtoto ambaye hakusajiliwa popote, mlezi wake hata akilia hasikiki.

Wacuba na Wamarekani nao walikubaliana kitu kinachofanana na hicho kwenye besiboli Desemba 2018, timu ya Marekani ilipe ada kwa shirikisho la Cuba na mchezaji abaki na mshahara wake. Aprili 2019 serikali ya Marekani ikaufuta mkataba huo, kwa maelezo kwamba shirikisho lile na serikali ya Cuba ni kitu kimoja. Siasa ikala, wachezaji wakabaki na njia za magendo.

Sasa mkimbiaji hauzwi. Hana ada ya uhamisho. Aliyemfundisha kupumua kwenye mlima wa Kibosho hana robo wala nusu ya asilimia ya kudai popote, hivyo macho yote yanageukia mfuko wa mkimbiaji mwenyewe. Na riadha ina kumbukumbu mbaya ya mfuko huo. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch mwaka 1974, sheria za ridhaa hazikumruhusu mwanariadha kulipwa. Mwaka 1982 shirikisho la dunia lililegeza kidogo: mwanariadha akaruhusiwa kupata fedha, ila zikae kwenye mfuko wa amana chini ya chama cha nchi yake, achote za matumizi ya mazoezi, nyingine asubiri hadi atundike viatu. Wazee wanaoshuku vyama hadi leo hawakuota shaka hiyo usingizini.

Alphonce Simbu alipomaliza marathoni Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, kwetu ilikuwa saa tisa na ushee usiku. Tulikuwa tumekusanyika kumi na moja kwenye simu moja. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wakapewa muda uleule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Tulipiga kelele hadi mbwa wa kata nzima wakaitikia. Kulipokucha, swali la kwanza tulilokutana nalo kwenye kibanda cha chai halikuwa alimpita vipi yule Mjerumani. Lilikuwa, "Hizo dola 70,000, wakubwa wanachukua ngapi?"

Sisi ni watoto wa wakulima wa kahawa. Babu zetu waliunda KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, mwaka 1933, na hakuna nyumba hapa ambayo haijui maana ya makato. Mkulima alipeleka kahawa chama cha msingi, ikapimwa, ushuru ukakatwa, akapewa stakabadhi. Ushuru ulioandikwa aliulipa huku ananung'unika. Ule usioandikwa ndio uliomfanya ang'oe mibuni akapanda nyanya.

Na kwenye kikao chetu mzee mmoja, babu wa kijana wetu wa mita 800, alituletea la zamani zaidi. Alisema zamani mwenye ng'ombe wengi alimpa jirani amfugie mmoja. Maziwa na samadi ni vya mfugaji, ng'ombe ni wa mwenyewe, na kila mtu anajua hivyo siku kamba inapokabidhiwa. "Ninyi," akasema, "mmekabidhi kamba bila neno, sasa mnagombania ndama."

Basi tumeandika neno, ingawa kwa kuchelewa. Kwa kura 14 dhidi ya 11, na wawili wakiwa wagonjwa siku hiyo, katiba yetu sasa inasema mkimbiaji aliyelelewa hapa atarudisha asilimia 10 ya kile kilichobaki baada ya kodi, wakala na nauli, kwa miaka mitatu tangu safari yake ya kwanza, kisha basi. Zawadi isiyofika shilingi milioni moja haiguswi. Mzazi atasaini pamoja na kijana, na kijana akifikisha miaka 18 atasaini upya au atakataa. Kila shilingi ina risiti, na daftari linasomwa mbele ya wote kila robo mwaka. Wale 11 bado wanasema kumi ni nyingi. Dada yetu alikuwa miongoni mwao. Siku iliyofuata tukamchagua mweka hazina, na tangu hapo hakuna chai iliyonunuliwa bila risiti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba utusaidie kumpata mwanasheria wa halmashauri aupitie ukurasa huo mmoja, kwa sababu tuliuandika wenyewe na kuna sentensi mbili zinazopingana. Tunaomba pia kanuni za makato ya chama chochote kinachomhusu mwanariadha anayesafiri zibandikwe kwa Kiswahili ofisini kwako, pamoja na jina la anayeruhusiwa kupokea, ili mtu wa "mchango wa kawaida" akirudi tumwonyeshe ukuta. Na watoto wanaokimbia mashindano ya shule waandikwe wanafundishwa na nani, tangu mbio ya kwanza. Leo haina faida, tunajua. Hata wa soka walianza na daftari.

Viatu ni jozi 27, namba 37 hadi 44, na orodha anayo katibu. Mvua za masika zikianza barabara yetu inakuwa tope hadi kwenye kifundo, hivyo vikipatikana kabla ya Machi tutashukuru zaidi. Risiti utapewa na dada yetu.

Tunaomba kuwasilisha.