Kwa Mwanangu Uliyekabidhiwa Platuni

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, isipokuwa bibi yako na magoti yake, jambo ambalo si geni kwako. Nimefurahi kusikia kwamba umekabidhiwa platuni. Swali lako la kwenye simu, ambalo ulilifunika kwa kicheko, nililisikia vizuri: luteni usu mwenye nyota moja begani afanye nini siku risasi zitakapoanza kulia na askari thelathini wakamgeukia yeye? Mimi si askari. Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, kwa hiyo nakujibu kwa njia niijuayo, yaani kwa habari za watu waliokwisha kufikwa na saa hiyo.

Wa kwanza ni Eric Wilson. Mwezi Agosti 1940, Waitalia walipoivamia Somaliland ya Waingereza kutoka Ethiopia, yeye alikuwa kapteni wa miaka 27 katika kikosi cha askari wa ngamia wa Kisomali, naye alipewa bombomu, yaani bunduki za rashasha, za kulinda kilima kinachoitwa Observation Hill, penye vilima vya Tug Argan, ambako barabara ya kwenda bandari ya Berbera ilipita. Tarehe 11 adui alishambulia, na bombomu zile zikamkata makali kiasi kwamba aliamua kuzinyamazisha kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Alisogeza mizinga yake hadi yadi 700 hivi, na makombora mawili yakapenya kwenye matundu ya kufyatulia na kupasukia ndani ya ngome. Wilson alijeruhiwa vibaya bega la kulia na jicho la kushoto, baadhi ya wapigaji wake wakajeruhiwa, sajini wake akauawa ubavuni pake, na bunduki zenyewe zikang'olewa kwenye vigingi vyake.

Nataka usome polepole alichofanya baada ya hapo, kwa sababu hakikupendeza kama vile wanavyopenda watengenezaji wa sinema. Hakuruka nje ya handaki akipiga ukelele. Alizitengeneza zile bunduki, akazirudisha mahali pake, akaendelea kufyatua. Tarehe 12 na 14 adui alirudia kuwamiminia makombora, naye aliendelea na kazi na majeraha yake hayajatibiwa. Tarehe 15 ngome zake mbili zilisambaratishwa, malaria nayo ikawa imempanda, na bado ngome aliyokuwamo yeye iliendelea kupiga mpaka saa kumi na moja jioni, adui alipoizidi nguvu. Siku hizo za kuchelewesha ziliwapa wenzao nafasi ya kurudi nyuma hadi Berbera na kupanda meli.

Waliamini amekufa. Oktoba mwaka huohuo ilitangazwa kwamba marehemu Kapteni Wilson ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya Waingereza ya ushujaa vitani, kumbe marehemu alikuwa mfungwa wa Waitalia huko Eritrea, na habari za nishani yake mwenyewe alizipata kwa mfungwa mwenzake. Aliishi hadi mwaka 2008. Baadaye alikuwa na askari wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, huko Burma, na kuanzia mwaka 1949 hadi 1961 alifanya kazi ya utawala hapa hapa Tanganyika, ingawa wengi waliopishana naye njiani pengine hawakujua yule bwana alikuwa nani.

Sikusimulii haya ili umtukuze mtumishi wa himaya. Dola mbili za kigeni zilikuwa zikigombea ardhi ya Wasomali, na hilo lisikupotee. Ninalolitazama ni jinsi afisa mdogo alivyoendelea kuwa na kazi ya kuwapa watu wake. Mtu aliyejeruhiwa jicho akiinama kufunga bombomu iliyong'oka huwa amekwisha kutoa amri bila kusema neno, na kila aliyemwona alijua anachotakiwa kufanya. Lakini tazama pia maelezo rasmi ya nishani ile. Yanamtaja "sajini wake Msomali" aliyeuawa, wala hayamtaji jina. Wale wapigaji walioshika bombomu pamoja naye siku zote zile hawakubaki kwa sababu ya kapteni peke yake. Ukipewa sifa yoyote katika kazi hii, majina yao yatangulie lako, na uyaandike mwenyewe kwenye ripoti kabla karani hajayafupisha.

Nyumbani kwetu napo pana somo, na wewe uliogelea juu yake utoto wako wote pale Ras Kasone. Novemba 1914, Jenerali Aitken wa Waingereza alileta hapa Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India, dhidi ya watu 1,000 hivi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi yetu, wengi wao askari wa Kiafrika. Manowari Fox ilitangulia tarehe 2 kuudai mji usalimu amri, na kwa kudai huko ikawapa Wajerumani muda wa kuleta watu kwa reli kutoka Moshi. Aitken hakutuma wapelelezi wa maana. Lettow-Vorbeck, kwa upande wake, alipanda baiskeli usiku akapita katika mji mtupu kuitazama ardhi kwa macho yake. Tarehe 4 baadhi ya vikosi vya India, vilivyochoshwa na safari ndefu ya bahari na ambavyo mafunzo yake yalikuwa hafifu, vilivunjika vikakimbilia ufukweni, ilhali askari wa Kashmir na wa kikosi cha Waingereza cha North Lancashire walipigana mpaka wakaingia mjini. Mji wetu unapenda kuwapa nyuki sifa yote, na ni kweli waliuma, lakini waliuma pande zote mbili. Mimi siamini hata kidogo kwamba waliokimbia walizaliwa waoga. Waliingizwa porini na watu ambao hawakujua kilichokuwa mbele yao, na askari hulibaini hilo upesi sana.

Kuna ushujaa wa namna nyingine ambao katika kazi za kulinda amani utakuhusu zaidi. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa mwangalizi wa Umoja wa Mataifa huko Kigali mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, bila silaha. Aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana baada ya mama yao kuuawa, kisha akawapitisha mamia ya watu kwenye vizuizi, wachache wachache ndani ya gari, kwa maneno matamu, mzaha na sigara. Aliuawa na kombora tarehe 31 Mei. Nishani ya Umoja wa Mataifa yenye jina lake alipewa baadaye Chancy Chitete wa Malawi, askari wa cheo cha chini kabisa, aliyekufa Novemba 2018 huko Kongo akimwokoa Mtanzania mwenzetu aliyejeruhiwa. Mama wa Malawi amezika ili mama wa Tanzania asizike. Sijui nimwambie nini mama huyo.

Mjomba wako aliyekwenda vita vya Kagera hakumbuki hotuba hata moja ya wakubwa. Anamkumbuka luteni aliyekuwa akizungukia mahandaki usiku na kuuliza nani hajapata maji.

Sasa nikuulize na mimi. Tarehe 7 Desemba 2017, pale Semuliki, mashariki mwa Kongo, wanajeshi wetu wa kulinda amani wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio lililodumu kwa saa nyingi, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja, pamoja na mapungufu ya mafunzo na ya uongozi, kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaletea msaada wala wa kuwaondoa. Tangu hapo hakuna mzazi wa askari asiyejiuliza maswali kama haya. Ukianguka wewe katika dakika ya kwanza, nani anaishika platuni? Yeye mwenyewe anajua? Na askari aliye mwisho kabisa wa mstari, anajua? Redio ikifa, nani anapeleka habari, na kwa njia ipi? Usinijibu kwa simu ukiwa njiani kwenda kula. Kaa na sajini wako, myapange, kisha uniandikie.

Baba yako anakusalimu, na anataka kujua kama viatu alivyokutumia vinakutosha.

Ni mimi,
Mama yako