Kabla Hujatoa Kalorstati kwenye Jeep Yako

Kuna lawama moja ambayo haipiti mwezi bila kuingia kwenye gareji yetu. Mteja anasimama mlangoni, fakitiri mkononi, na kusema: «Fundi, gari yangu ilikuwa inatembea vizuri bila kalorstati. Mmeirudisha ninyi, na sasa kulasi imekufa. Mmeniharibia gari ili mnilipishe.» (Kulasi ni kichwa cha injini, kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya silinda.) Wiki iliyopita aliyesema hivyo ni papa mmoja tunayemheshimu, mteja wa miaka mingi, mwenye Prado ya injini ya 1KZ. Aliondoka na hasira, na kabla ya jioni watu wa Bagira, hapa Bukavu, walishasikia kwamba tunaiba. Tunamwandikia yeye, na wengine wote wenye jeep za zamani, maelezo ambayo siku ile hakutaka kuyasikia.

Kalorstati, ambayo wengine huiita thamostati, ni kile kipande kidogo cha shaba chenye springi kinachokaa chini ya kifuniko cha alumini, pale mpira wa radiateri unapoingia kwenye injini. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, nta imeganda na mlango umefungwa, kwa hiyo maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Yakifika nyuzi 76 au 82, kutegemea namba iliyogongwa juu yake, nta inaanza kuyeyuka na kuvimba, inasukuma mlango, na maji yanakwenda radiateri kupoa.

Hadi hapo kila mtu anakubali. Wasichokijua wengi ni kazi ya upande wa pili. Kwenye injini nyingi za Toyota tunazoshika, 1KZ na 1HZ zikiwemo, kalorstati ina sahani mbili. Moja inafungua njia ya radiateri. Nyingine, wakati huohuo, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye injini. Ukitoa kipande chote, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inaendelea kuzunguka bila kupita radiateri hata kidogo. Ukiwa mjini, kwenye barabara tambarare na bila mzigo, hutaona kitu. Sindano ya joto kwenye dashibodi itakaa chini na utamsifu aliyekushauri. Lakini mlima ukiwa mrefu na gari imejaa, maji hayo yanayoikwepa radiateri ndiyo yanayopandisha sindano.

Na milima ndiyo tuliyo nayo. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100. Radiateri inanusurika kwa sababu mfuniko wake unayabana. Ule ulioandikwa 0.9 au 1.1 unashikilia shinikizo mpaka maji yavumilie zaidi ya nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wa mfuniko ukikauka na kupasuka, shinikizo linatoroka na umerudi kwenye 95. Sasa chukua gari ya namna hiyo, teremka nayo Kamanyola, pakia magunia ya mchele, kisha panda mlima wa Ngomo saa nane mchana kwa gia ya pili. Utafika Nyangezi umesimama kando ya barabara, boneti wazi, kidumu mkononi, na shofere wa gari ya nyuma atakwambia: «Patro, toa hiyo kalorstati.» Kumbe kosa lilikuwa la mfuniko.

Ndivyo ilivyokuwa kwa papa wa Prado. Gari ilichemka Ngomo, shemeji yake akaitoa kalorstati palepale na kuitupa, na tangu siku hiyo wakawa wanaongeza maji kila asubuhi. Kuongeza maji kila asubuhi si utunzaji wa gari. Maji yanayopungua yana mahali yanapokwenda, na yasipoonekana chini ya gari basi yanapita ndani. Kulasi ya 1KZ ni ya alumini na imekaa juu ya bloku ya chuma cha kutupwa. Kwa joto lilelile alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Kila injini inapochemka, metali hizo mbili zinavutana juu ya gasketi iliyo katikati, na gasketi inachoka kidogo. Haifi siku ya kwanza. Inakufa siku ya sita au ya saba, na mtu anayelaumiwa ni yule aliyeigusa gari mwisho.

Alipotufikia aliomba vitu viwili tu: kalorstati mpya na mfuniko mpya. Tulimwomba atuache tupime kwanza. Kipimo chenyewe ni pompa ya mkono yenye saa, inafungwa kwenye shingo ya radiateri, unapandisha shinikizo la mfuniko na kuitazama sindano. Ikishuka na hakuna tone chini, maji yanaingia kwenye injini. Alikataa kwa sababu kipimo kinalipiwa, na tuliandika kwenye fakitiri kwamba amekataa. Tukafunga alichotaka. Mfuniko mpya ukarudisha shinikizo ambalo gari hiyo haikuwa nalo kwa muda mrefu, na shinikizo hilo likapita kwenye gasketi iliyokwisha kuliwa. Mfuniko mbovu ulikuwa unauficha ugonjwa. Tulipofungua kulasi tulimwita aje aone kwa macho yake: kati ya silinda ya tatu na ya nne gasketi ilikuwa nyeusi, imeungua kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ukingo wa moto umeacha alama kwenye alumini. Alama ya namna hiyo haitokei kwa wiki mbili. Tuliweka rula ya chuma juu ya kulasi, na karatasi ya daftari ikapita chini yake. Kulasi iliyopinda kiasi hicho hairudi juu ya injini bila kupelekwa kwenye mashine, ukiirudisha hivyo hivyo utanunua gasketi nyingine kabla ya mvua kwisha.

Kuna jambo la maji pia, na hapa tunawasihi hasa wanaoosha magari ziwani. Maji ya Ziwa Kivu ni ya alkali na yana madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake. Kwa kuosha gari, sawa. Ndani ya radiateri yanaacha ukoko kwenye mirija, na mirija ikivaa ukoko haitoi joto tena, hata radiateri ikiwa imejaa hadi shingoni. Maji ya bomba peke yake nayo hayana kinga: yanaipa kutu bloku ya chuma, na baada ya muda unafungua mfuniko unakuta tope la rangi ya matofali. Likwidi ya radiateri haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya tu. Ina dawa ya kuzuia kutu, inalinda alumini, na inapandisha nyuzi za kuchemka. Ukikwama njiani na huna likwidi, kinga maji ya mvua, maana Bukavu hayatukosi, kisha uje yamwagwe ujaziwe yanayostahili. Neno moja kwa wenye watoto: likwidi hiyo ni sumu na ina utamu. Usiiache kwenye beseni uani, na usiitie kwenye chupa ya soda.

Wengine hawatoi kalorstati, wanaifunga wenyewe, na hilo hatulipingi. Tunachopinga ni silikoni. Mtu anakosa gasketi ya karatasi au ya mpira, anapaka silikoni nyekundu kidole kizima, anakaza buloni mbili na kufurahi kwamba hakuvuji. Silikoni inayofinywa upande wa nje unaiona. Inayofinywa upande wa ndani inakatika na kusafiri na maji. Tumewahi kufungua radiateri ya RAV4 ya mama mmoja anayeleta ndagala kutoka Uvira, tukatoa kwa koleo nyuzi nyekundu moja baada ya nyingine kwenye midomo ya mirija, karibu nusu ya mirija imeziba. Alikuwa amenunua radiateri ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, mara mbili akidhani anauziwa mbovu. Pesa ya radiateri hizo ingelipa gasketi za kutosha jeep zote za mtaa wake.

Na feni. Kwenye jeep za mazutu (dizeli) feni nyingi zina kiunganishi chenye mafuta mazito ya silikoni ndani, kinachoishika feni injini ikipata moto na kuilegeza ikipoa. Mafuta hayo yakivuja, feni inazunguka kwa uvivu wakati unapoihitaji. Dawa ya mtaani ni kuchomelea ili izunguke daima. Inapoza, ndiyo, lakini inakula nguvu na mazutu kila saa, na kwa mwendo wa kasi inaweza kuvunja panga, likapiga radiateri uliyokuwa unaiokoa. Injini ikiwa imezimwa na baridi, sukuma feni kwa mkono: inapaswa kusita na kusimama. Ikiendelea kuzunguka yenyewe kama haina mwenyewe, tuletee tukubadilishie kiunganishi.

Sasa tuzungumze bei, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu waanze na shemeji. Kalorstati yenyewe unaweza kuinunua popote, na ukiileta ya kweli tutaifunga. Tunasema ya kweli kwa sababu zipo zinazouzwa kwenye boksi zuri lakini hazifunguki. Kila mpya tunaitia kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na kipima joto, mteja akitazama akipenda. Maji yetu yanachemka kwenye 95, na joto hilo linatosha kuifungua nzima. Isipofunguka inarudi kwa aliyeiuza. Unacholipia kwetu ni kazi inayofuata: kumwaga maji ya zamani, kusuuza mpaka yatoke meupe, kukwangua uso wa alumini bila kuuchana, kuikalisha kalorstati kale kapini kadogo ka kutolea hewa kakiwa juu, kukaza buloni kwa kipimo, kujaza polepole hita ikiwa imefunguliwa kwenye moto, kukanda mipira hewa itoke, kuacha ipoe, kuongeza tena. Hewa ikibaki kwenye kulasi, mahali hapo hapana maji, na sindano inaweza isipande kabisa kwa kuwa kipima joto chenyewe kimo hewani. Gari inaungua huku dashibodi inasema kila kitu ni salama. Kwa hiyo kabla ya kukukabidhi tunaipandisha mlima, tunarudi, na tunaifungua tena kesho yake asubuhi. Wanaomaliza kwa dakika ishirini wanalipisha kidogo kwa sababu wanafanya kidogo.

Yapo mengi unayoweza kufanya nyumbani bila kutulipa hata faranga. Tazama kiwango kwenye chupa ya akiba kila wiki, injini ikiwa baridi. Usifungue mfuniko wa radiateri ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Tumeona mikono iliyoungua vibaya. Bonyeza mipira kwa vidole: ukisikia inachanika au imelainika mno karibu na klipu, ibadilishe kabla ya safari. Baada ya Walungu au Kaziba wakati wa mvua, safisha tope lililokaa kati ya radiateri na ile ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Tope hilo halionekani ukisimama mbele ya gari. Mwaga maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Zile mashine za kuosha kwa nguvu zinakunja mapezi ya alumini, na pezi lililokunjwa halipitishi upepo. Na ukifanya vidanji (kubadilisha mafuta ya injini) mwenyewe, angalia chini ya kifuniko cha mafuta: ukiona povu jeupe lililonata, usiwashe tena.

Sindano ikipanda barabarani, punguza mwendo, zima kiyoyozi, fungua hita kwenye moto hata kama mtateseka kwa joto, maana hita ni radiateri ndogo. Isiposhuka, simama na uzime. Usimwage maji baridi juu ya injini inayotoa mvuke, kulasi nyingi zimepasuka kwa huruma hiyo.

Gari iliyochemka iletwe ikiwa imelala, asubuhi, kabla haijawashwa. Injini baridi inatueleza mengi: kama mpira wa juu bado mgumu tangu jana, kama maji yameshuka, kama mapovu yanatoka shingoni inapowashwa tu. Njoo na kipande ulichokitoa, hata kama unaona ni kibovu. Na utuambie bila aibu kila kilichotiwa ndani, iwe yai, unga wa kuziba au sabuni, ili tujue cha kusuuza kabla hatujafunga kipya.