Dirisha la wazee lipo, lakini ugonjwa wa mke wangu hauna mwenyewe

Mhariri,

Kila ifikapo Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, tunakumbushwa kwamba wazee wasio na uwezo wanatibiwa bure na kwamba hospitali zimetutengea dirisha letu. Dirisha nimeliona. Kibao kinasema wazee tupishwe, na kweli tunapishwa. Kwa hilo sina ugomvi na mtu. Shida ni kwamba ukishapishwa, ukafika mbele ukiwa na mgonjwa wa kusahau, huu ugonjwa wanaouita demensia, hakuna anayejua akupeleke wapi.

Mimi ni bwana shamba mstaafu, naishi Masama, wilayani Hai. Mke wangu alianza na mambo madogo: kutia chumvi mara mbili kwenye mtori, kulipa mchango wa kikundi cha akina mama aliokwisha kuulipa, kuchanganya majina ya wajukuu. Tulicheka, naye akicheka. Baadaye akawa anaamka saa nane usiku, anajifunga kanga, anatafuta mundu na kamba aende kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe tulishauza zamani. Nikimwambia hivyo ananigeukia kwa ukali: nani kauza ng'ombe wake bila kumwambia? Basi hapo hatulali. Siku hizi namjibu kwamba majani yameshaletwa, yako kwenye banda, na mara nyingi anarudi kitandani. Hilo hakunifundisha mganga yeyote. Nililipata kwa jirani aliyemuuguza mama yake.

Kwenye kituo cha afya alihojiwa na muuguzi kijana, mpole, mgeni wa huku kwetu. "Bibi, unasumbuliwa na nini?" Mke wangu sasa Kiswahili kinampotea, anajibu Kimachame. Nikaanza kueleza mimi, nikaambiwa, "Babu, mwache mgonjwa ajieleze mwenyewe." Mgonjwa akajieleza, nami nikalazimika kutafsiri: yeye hana tatizo lolote, ila mume wake siku hizi ana wivu. Wakacheka, wakampima presha, wakampa dawa za presha. Safari nyingine tukapewa vidonge vya usingizi vilivyomfanya ayumbe mchana kutwa na usiku awe macho vilevile. Na kila tulikopita neno lilikuwa moja: "Ni uzee tu huo, babu."

Mhariri, kama ni uzee tu, mbona mimi nimemzidi miaka na bado nakumbuka bei ya mbolea ya mwaka juzi? Utafiti uliofanyika hapa hapa Hai, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013, ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na kuendelea. Maana yake ni kwamba wengi wetu tunazeeka bila kuupata, na pia kwamba hao wachache, ukiwatafuta kijiji kwa kijiji, si wachache hata kidogo. Halafu si kila anayesahau ana ugonjwa usio na dawa. Tezi ya shingo ikiwa mbovu mtu husahau. Upungufu wa vitamini B12, kaswende ya siku nyingi, VVU, sonona, vyote vinaweza kuvuruga kumbukumbu na vyote vina matibabu. Anayeambiwa "ni uzee" hapimwi hata kimoja.

Aliyempima mke wangu sawasawa ni daktari kijana wa hospitali ya rufaa, tena kwa bahati tu, kwa sababu aliyekuwa zamu alikuwa na dharura. Alimwomba ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Akamuuliza mwenyekiti wa kijiji ni nani. Akamuuliza daraja ni nini, na mama akamshangaa: "Ni pa kuvukia, mwanangu, kwenu hakuna mto?" Hilo alipata. Kisha daktari akatoa kiberiti, akapanga njiti nne mezani kwa umbo fulani, akampa nyingine nne apange vilevile. Mke wangu alizitazama kwa muda. Akazikusanya zote nane, zake na za daktari, akazirudisha kwenye kiberiti na kukifunga vizuri.

Daktari ndiye aliyenieleza kwamba kipimo kile kiliandaliwa kwa utafiti wa wilaya yetu, kazi ya wataalamu wa nchini na wenzao wa Newcastle, Uingereza. Vipimo vya Ulaya humtaka mgonjwa achore saa na kusoma sentensi, na bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu atashindwa hata kama akili yake ni timamu. Njiti za kiberiti kila mtu kazishika. Hapo Hai vilijaribiwa pia vikundi vya wagonjwa, wanakaa pamoja wakizungumza na kucheza michezo ya kuamsha akili, na matokeo yakatia moyo. Sasa mimi mkazi wa Hai niliyezunguka na mgonjwa muda wote huo nilikuja kuyasikia haya kwa bahati, ndani ya chumba cha hospitali ya rufaa!

Enzi zetu kahawa ikishikwa na chulebuni, mkulima alijua amwite nani, bwana shamba alijua aandike nini, na dawa ilijulikana inatoka ghala gani. Mbuni ulikuwa na mwenyewe serikalini.

Kuna jambo jingine linalonikosesha raha. Miaka ya 1980 nilipangiwa Shinyanga, kwenye pamba. Wote tunajua habari za mauaji ya vikongwe kule Kanda ya Ziwa, akina mama wazee waliohukumiwa kwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi. Nikimwona mke wangu saa nane usiku amesimama nje, mundu mkononi, anaongea na mtu asiyeonekana, najiuliza wangapi kati ya wale walikuwa wagonjwa kama yeye. Mtu akikutwa uani kwa jirani usiku na hawezi kueleza kafikaje, majibu ya kijiji hayachelewi. Zahanati ingewahi kutoa jibu lake kwanza, huenda wengine wangepona.

Upande wa dawa, tuliandikiwa donepezili. Haiponyi, nilielezwa hivyo wazi. Kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza makali ya dalili kwa muda. Kadi yangu ya bima ikaikataa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, basi wanaopanga kitita cha mafao wakumbuke kwamba mgonjwa huyu anahitaji pia mtu wa kumwogesha, kumlisha na kukesha naye. Kwetu mtu huyo ni binti yangu, aliyefunga duka lake la vitenge Arusha akarudi nyumbani. Nyumba nyingine ni dada wa kazi wa miaka kumi na saba ambaye hajaelezwa chochote, na akipigwa na bibi hudhani ameonewa. Mimi mwenyewe presha imepanda, na katika safari zote hizo hakuna aliyewahi kufunga kile kipimo kwenye mkono wangu.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wa kitongoji chetu ni binti hodari, anapita nyumba kwa nyumba akiuliza wajawazito, chanjo, kikohozi cha muda mrefu. Nilimwuliza kama anaandika na wazee wanaopotea njia ya kwao. Akasema hajafundishwa hilo. Afundishwe. Kipimo kipo, hakihitaji umeme wala maabara, na kiberiti nitampa mimi. Ila akishampata mgonjwa, amwandikie rufaa ya kwenda wapi, kwa nani, siku gani ya kliniki? Naomba wahusika wanijibu kupitia ukurasa huu, na wataje vituo kwa majina.

Bwana shamba mstaafu,
Masama, Hai, Kilimanjaro
(Jina limehifadhiwa)