Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Jiji la Dodoma: watoto wa tenisi wanahitaji mechi

Ndugu Afisa Michezo,

Habari za kazi. Mimi ni baba wa binti wa miaka 11 anayecheza tenisi hapa Dodoma. Siombi uwanja mpya wala kocha kutoka nje. Naomba watoto hawa wapate mechi.

Binti yangu anajifunzia kwenye ukuta wa ghala, mtaani kwetu Ipagala. Mpira unasuguliwa na zege mpaka manyoya yanaisha, unabaki kipara, unadunda unavyotaka. Kiangazi, upepo wa mchana ukianza kubeba vumbi, anafumba macho, anasubiri upite, anaendelea. Mkono wake wa kulia una nguvu kuliko umri wake. Lakini ukuta unarudisha mpira vilevile siku zote. Haumwinulii mpira juu akachanganyikiwa, wala haumvizii akiwa amechoka.

Nilipompeleka Dar es Salaam kwenye mechi yake ya kwanza ya kuhesabiwa, alifungwa 6-0, 6-1. Nilikaa pembeni nikiangalia kwa makini. Mpinzani wake hakumzidi kupiga. Alimzidi kutulia. Wangu alipofika kwenye pointi ngumu aliharakisha, akakosea kuanzisha mara mbili mfululizo, na pale hakuna mazoezi ya ukutani yatakayomsaidia. Treni ya SGR imetupunguzia safari tangu 2024, lakini nauli ya watu wawili, malazi na chakula kwa ajili ya mechi moja, ni mzazi gani wa kipato cha kawaida ataweza kila mwezi?

Jirani zetu wameshatuonyesha kwamba inawezekana. Angella Okutoyi wa Nairobi alifiwa na mama yake siku ya kuzaliwa, akalelewa na bibi aliyekuwa akifanya usafi shuleni. Mwaka 2022 yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili pale Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza. Kwenye fainali waliwafunga Wakanada wawili, mmoja wao Victoria Mboko, ambaye mwaka 2025 alichukua taji kubwa la wanawake Montreal. Huyo Mboko ndiye ambaye binti wa Kenya alimkabili uwanjani, Okutoyi akiwa na miaka 18.

Mashindano ya vijana ya kimataifa humpokea mchezaji akifikisha miaka 13. Binti yangu amebakiza miaka miwili. Wapo wadogo zaidi yake, na hao ndio wananiuma hasa, kwa sababu muda wao bado upo wote.

Sasa tazama shule zetu za msingi. Kiwanja cha netiboli kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Cha tenisi ni mita 23.77 kwa 10.97, kinaingia ndani yake. Kwa watoto wanaoanza, wanaotumia mpira mwekundu wa mwendo wa polepole, kiwanja kina urefu wa kama mita 11 tu, hivyo kimoja cha netiboli kinatoa vinne. Vingi ni vya udongo, najua. Udongo ukishindiliwa vizuri na kumwagiwa maji, watoto wanacheza. Chokaa ileile ya netiboli inachora mistari, na kamba iliyofungwa kwenye miti miwili ni wavu wa kuanzia.

Chokaa tutanunua sisi wazazi. Mipira na raketi chache tunazo, tutachangiana. Tusichoweza ni kuingia shuleni bila kibali. Tunaomba utuandikie barua kwa walimu wakuu wa shule tatu utakazoona zinafaa, watufungulie viwanja Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, na umteue mwalimu mmoja wa michezo kila shule aje kujifunza kuhesabu pointi. Likizo ya Juni tufanye shindano la kwanza, shule kwa shule, wasichana na wavulana.

Niko tayari kuja ofisini siku yoyote utakayonipangia, nikiwa na vipimo vya viwanja na orodha ya wazazi waliokubali.

Wako katika michezo,
Mzazi, Ipagala, Dodoma