Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya: Mwenye Mkopo wa Nyumba Ajibiwe Kabla ya Mnada

Kwa Gavana,
Benki Kuu ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa Gavana,

KUH: WAJIBU WA BENKI KUMJIBU MDAIWA ANAYEOMBA MASHARTI YA MKOPO YAPANGWE UPYA

Kwa heshima nakuandikia kuhusu kimya cha benki pale mteja mwenye mkopo wa nyumba anapoziandikia mapema, kabla mambo hayajaharibika, akiomba nafuu. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa, na notisi za mnada hupitia mikononi mwangu kila mara, nyingine zikiwa zimebakiza siku chache tu kwa sababu zilitumwa kwenye sanduku la posta ambalo mwenyewe aliliacha zamani.

Sheria yenyewe haikumtupa mdaiwa. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinaitaka benki imweleze kosa lake na kiasi anachodaiwa, na impe muda usiopungua siku 90 wa kurekebisha. Akishindwa, kifungu cha 96 kinadai notisi nyingine ya siku 40, kisha dalali naye hutoa siku 45 za kukomboa mali. Kwa jumla ni karibu miezi sita. Hata hivyo, vifungu hivyo vinaitaka benki itume notisi, wala haviitaki ijibu pendekezo la mteja, na hapo ndipo miezi hiyo inapopotea bure.

Mama mmoja anayeuza nafaka Kongowea aliiandikia benki yake biashara ilipoanza kuyumba, akiwa bado hajakosa hata awamu moja. Aliambatisha taarifa za akaunti na mkataba wa mpangaji aliyemkodisha vyumba viwili vya nyuma ili kodi hiyo iingie moja kwa moja kwenye mkopo. Nakala yake ninayo: ina muhuri wa zambarau wa kupokelewa na sahihi ya mhudumu wa kaunta. Barua iliyofuata kutoka benki hiyo ilikuwa notisi ya siku 90, na haikugusia pendekezo lake hata kwa sentensi moja.

Wapo wadaiwa wanaojificha, wasiopokea simu, wanaomkumbuka wakili siku tangazo la mnada linapotoka gazetini. Siwatetei hao. Ninaowasemea ni waliokwenda benki kwa miguu yao wenyewe, na wengi wao waliangushwa na riba. Kiwango cha riba cha Benki Kuu, ambacho benki hukitazama zinapopanga riba za mikopo, kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, kikafika asilimia 13 Februari 2024 kabla ya kuanza kushushwa Agosti mwaka huo. Chukua mkopo wa shilingi milioni 4 wa miaka 15: kwa riba ya asilimia 12 marejesho ni takriban shilingi 48,000 kwa mwezi, na kwa asilimia 17 yanapita 61,000. Mshahara haukupanda hivyo.

Benki, zikijibu, hukimbilia kuongeza muda wa kulipa, na hapa naomba wataalamu wako wapige hesabu wenyewe. Mkopo huohuo wa asilimia 17 ukirefushwa kutoka miaka 15 hadi 25, marejesho hushuka hadi kama 57,500 tu, ilhali riba ikishushwa hadi asilimia 14 kwa miaka ileile 15, hushuka hadi kama 53,000. Kumwongezea mtu miaka kumi ya deni kwa nafuu ya shilingi elfu nne kwa mwezi ni kumchelewesha tu, labda kuwe pia na kufutiwa riba ya adhabu na malimbikizo ya awamu zisizolipwa kuingizwa kwenye mkopo.

Kwa hiyo naomba utoe mwongozo kwamba mteja akipeleka pendekezo la maandishi, benki imjibu kwa maandishi katika siku 21, ikionyesha hesabu na sababu za kukubali au kukataa, na kwamba notisi ya siku 40 isitolewe kabla ya jibu hilo. Jambo hili si geni kwa ofisi yako. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Benki Kuu ilielekeza benki zizungumze na wakopaji na kupanga upya mikopo, tena gharama za kufanya hivyo zibebwe na benki zenyewe.

Naomba pia mwongozo huo umpe mwenye nyumba muda maalumu wa kutafuta mnunuzi mwenyewe pale inapodhihirika kwamba hataweza kulipa. Kifungu cha 97 cha Sheria hiyohiyo ya Ardhi kinaitaka benki itafute bei bora inayowezekana, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki huchukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini kuthibitisha hayo mahakamani baada ya nyundo kugonga kunahitaji fedha ambazo mtu aliyepoteza nyumba hana. Akiuza kwa hiari, benki hulipwa deni lake bila ada za dalali, na kinachobaki humwezesha kulipa kodi ya nyumba nyingine.

Nakala za barua zilizopigwa mihuri na zisizojibiwa ziko tayari kuwasilishwa kwa maafisa wako, kwa idhini ya wenyewe, wakati wowote watakapozihitaji.

Wako mwaminifu,
Karani wa mawakili,
Mombasa.